Nani Alilipa Tiketi?

Mnamo Aprili 1874 meli iitwayo Malwa ilifika bandari ya Southampton, Uingereza, ikiwa na maiti ya David Livingstone. Pamoja na jeneza alisafiri kijana mmoja Mwafrika, Jacob Wainwright. Siku chache baadaye, tarehe 18, alikuwa miongoni mwa waliosindikiza jeneza hilo ndani ya kanisa la Westminster Abbey, mbele ya wakuu wa himaya.

Huyu Jacob alikuwa Myao. Alikuwa amekamatwa utumwani akiwa mdogo, akakombolewa, akapelekwa Nashik huko India, ambako Church Missionary Society, CMS kwa kifupi, walikuwa na shule ya watoto waliotolewa utumwani. Alikuwa amebatizwa, anajua kusoma na kuandika, na Kiingereza anakiongea. Livingstone alipofariki katika kijiji cha Chitambo, nchini Zambia ya leo, ni Jacob aliyesoma ibada ya maziko ya moyo wake na kuchonga maandishi kwenye mti.

Lakini Jacob hakuwa ameishi na Livingstone kwa muda mrefu. Waliomjua yule mzee vizuri walikuwa Chuma na Susi. Wao ndio waliotembea naye miaka na mikaka, na ndio walioongoza msafara wa kubeba maiti kwa miguu hadi Bagamoyo. Siku ya mazishi, Chuma na Susi hawakuwa Westminster. Walifika Uingereza baadaye, kila kitu kikiwa kimeisha.

Mbona Jacob akaenda na wao wakaachwa? Jibu ni fupi. Nauli ya Jacob ililipwa na CMS. Yeye alikuwa mtoto wa shule yao, ushahidi unaotembea kwamba pesa za waumini wa Uingereza zilikuwa zimefanya kazi. Baada ya mazishi alizungushwa kwenye mikutano ya misheni, watu wamwone na wamsikie. Mwaka uliofuata, 1875, CMS walianzisha Freretown, kijiji cha watumwa waliokombolewa, ng'ambo tu ya kisiwa cha Mombasa. Jacob mwenyewe alirudi Afrika, na alifariki mwaka 1892 huko Urambo, Tanzania ya leo. Mikutano ilikuwa imesahau jina lake.

Nimeanza na Jacob kwa sababu ya neno moja la Kiswahili. Watu waliotumwa tunawaita ujumbe. Maneno waliyotumwa kuyasema, hayo pia tunayaita ujumbe. Lugha yetu imechukulia kwamba anayesafiri na anachokisema ni kitu kimoja. Historia ya makanisa yetu inaonyesha kwamba mara nyingi mambo hayo mawili yametenganishwa. Mwili ni wa huku, lakini maneno yaliandikwa na aliyelipa tiketi.

Ukitaka kuona jambo hili likiwa hai leo, tembelea kanisa lolote la Nairobi lenye marafiki ng'ambo, miezi mitatu kabla ya kamati ya maendeleo kusafiri. Kuna grupu ya WhatsApp. Kuna mzee wa kanisa anayekumbusha watu kila asubuhi kuhusu pasipoti. Kuna barua ya mwaliko, taarifa za benki za miezi sita, na mahojiano ya viza ambayo yanaombewa kuliko mtihani wa kitaifa. Kina mama wanapanga zawadi: viondo, majani chai, leso, shanga. Halafu kuna baridi. Wanaosafiri Novemba wanashuka Gikomba kutafuta majaketi mazito, na wanayapata, kwa sababu majaketi hayo yalitoka hukohuko wanakoenda. Nguo iliyotolewa sadaka na mtu wa Minnesota inauzwa hapa kwa pesa taslimu, kisha inarudi Minnesota ikiwa imevaliwa na mjumbe.

Halafu inakuja ile sehemu ngumu: watasema nini wakifika?

Hapo ndipo watu kama mimi huitwa. Niliacha chuo kabla ya kumaliza, na tangu hapo naandika chochote kinacholipwa, zikiwemo ripoti za miradi ya makanisa. Kwenye kazi moja kama hiyo, kamati ilitaka nianze na kisima walichochimba wenyewe kwa michango ya Jumapili. Mtu wa shirika lililokuwa linafadhili safari akaniambia nikitoe. Kwake, kisima kilichokamilika hakina hitaji ndani yake. Alitaka picha ya mtoto na mtungi. Kamati ilinyamaza, kwa sababu tiketi zilikuwa bado hazijatoka.

Sasa usidhani kwamba watu wa zamani hawakuliona tatizo hili. Wa kwanza kuliona walikuwa wamisionari wenyewe. Henry Venn, aliyekuwa katibu wa CMS kuanzia 1841, alifundisha kwamba lengo la misheni ni kujimaliza. Alitaka kanisa la wenyeji lijitegemee kwa pesa, lijitawale, na lijieneze lenyewe. Likifika hapo, misheni ifunge virago iende kwingine. Rufus Anderson wa Marekani alisema karibu maneno hayohayo wakati huohuo. Kwenye karatasi, mpango ulikuwa safi.

Mambo yalivyokwenda ni hadithi nyingine. Mwaka 1910 wamisionari wa Kiprotestanti walifanya mkutano mkubwa wa dunia mjini Edinburgh. Wajumbe walikuwa kama 1,200, karibu wote kutoka Ulaya na Marekani ya Kaskazini. Waliotoka Asia hawakufika 20, na sauti ya Afrika ilikuwa karibu hakuna kabisa, ingawa Afrika ilikuwa kwenye ajenda kila siku. Mhindi mmoja, V. S. Azariah, alisimama akawaambia kwamba wametoa mengi, hata mali zao na miili yao, lakini kilichokosekana ni urafiki. Wengine walikasirika. Wengine walimpigia makofi. Kisha mkutano ukaendelea.

Huku kwetu somo la kujitegemea lilikuja kwa njia ya ugomvi. Mwaka 1929 misheni za Kikuyu, zikiongozwa na ile ya Scotland iliyokuwa Thogoto, ziliwataka waumini kukana tohara ya wasichana na kuweka kidole gumba kwenye kiapo kilichopewa jina la kirore. Maelfu waliondoka. Sitetei ukeketaji, na leo sheria ya Kenya inaukataza. Ninachofuata hapa ni pesa. Watu walioondoka walipoteza shule, kwa sababu shule zilikuwa za misheni. Wakaanza zao. Walichanga, wakafyatua matofali, wakaajiri walimu. Mwaka 1939 Peter Mbiyu Koinange, akiwa amerudi na shahada kutoka Marekani, alifungua chuo cha walimu Githunguri, na chuo hicho kiliendeshwa kwa michango ya wananchi wa kawaida hadi serikali ya kikoloni ilipokifunga mwaka 1952.

Watu hao pia walijua kutuma wajumbe. Jomo Kenyatta aliposafiri kwenda London mwaka 1929 kwa niaba ya Kikuyu Central Association, wanachama walikuwa wamechanga pesa za safari. Unaweza kusema mengi kuhusu Kenyatta, na tumeshayasema. Lakini safari ile ilikuwa na kitu ambacho Jacob Wainwright hakuwa nacho. Waliomtuma ndio waliomtafutia nauli, na malalamiko ya ardhi aliyoyabeba yalikuwa yao.

Ndipo tunafika kwa mtu ambaye, kwa maoni yangu, kila kamati ya kanisa inayoomba viza ingefaa kumsoma kabla ya kununua jaketi.

John Gatu alizaliwa mwaka 1925. Alikuwa askari wa KAR wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akapitia miaka ya Mau Mau, akaokoka katika Uamsho wa Afrika Mashariki, akasomea uchungaji. Mwaka 1964, Kenya ikiwa ndiyo imepata uhuru juzi, alikuwa Mwafrika wa kwanza kushika ukatibu mkuu wa Presbyterian Church of East Africa, PCEA. Kanisa alilolirithi lilianzia Kibwezi mwaka 1891, likahamia Kikuyu mwaka 1898, na lilikuwa na hospitali tatu kubwa: Kikuyu, Tumutumu na Chogoria. Lilikuwa pia na mazoea marefu ya kutazama Scotland kila dari linapovuja.

Kumbuka ilikuwa miaka gani. Bendera zilikuwa zimebadilika. Hapa Kenya wimbo ulikuwa harambee. Jirani zetu Tanzania walitangaza Azimio la Arusha mwaka 1967, na neno kujitegemea likawa kwenye kila redio. Gatu alitazama kanisa lake akaona kwamba serikali imekuwa ya Waafrika, mahakama na shule zinakuwa za Waafrika, lakini kwenye kanisa maamuzi mazito bado yanasubiri barua kutoka ng'ambo.

Oktoba 1971 alialikwa Milwaukee, jimbo la Wisconsin, kwenye tamasha la misheni lililoandaliwa na Reformed Church in America. Jaribu kuupiga picha ukumbi ule. Ni watu waliojitolea, wanaochanga, wenye binamu na mashangazi waliozikwa Afrika. Wamemwalika mchungaji kutoka Kenya. Wanajua atakachosema, kwa sababu wageni wa aina yake husema kilekile: asanteni, tumefika mbali, bado tuna mahitaji, msituache.

Gatu akasimama akawaambia wawaondoe wamisionari wao.

Alieleza polepole. Wakati umefika, alisema, wamisionari kutoka nchi za Magharibi waondolewe katika Afrika, Asia na Amerika ya Kusini kwa muda usiopungua miaka 5, na pesa zao zisimame pia. Hoja yake haikuwa kwamba wamisionari ni watu wabaya. Hoja ilikuwa kwamba uhusiano wenyewe umeharibika pande zote mbili. Upande mmoja umezoea kutoa hadi haujui kupokea. Upande mwingine umezoea kupokea hadi haujui uwezo wake. Hakuna anayeweza kufikiri vizuri huku mkono wa mwenzake uko mfukoni mwake, awe anatia au anatoa. Tupumzike, kila mtu arudi nyumbani ajiulize yeye ni nani, kisha tukutane tena tukiwa watu wazima.

Wazo hilo hakuwa nalo peke yake. Mwaka huohuo Emerito Nacpil wa Ufilipino alikuwa amesema mambo yanayofanana katika mkutano wa Kuala Lumpur. Lakini ni hotuba ya Gatu iliyowasha moto. Neno likaingia kwenye msamiati wa makanisa ya dunia: moratoria, yaani kusitisha kwa muda. Mkutano wa Bangkok mwanzoni mwa 1973 ulilijadili. Mei 1974 Baraza la Makanisa ya Afrika Nzima, AACC, lenye makao yake hapa Nairobi, lilifanya mkutano mkuu Lusaka. Katibu mkuu wake, Burgess Carr wa Liberia, alilisimamia wazo hilo kwa nguvu na mkutano ukaliunga mkono. Miezi miwili baadaye, katika kongamano la uinjilisti la Lausanne, Uswisi, Gatu alikuwepo. Tamko lililotoka huko, ambalo liliandikwa na watu wengi waliochukia neno moratoria, lilikubali kwamba wakati mwingine inaweza kuwa lazima kupunguza wamisionari na pesa za nje ili kanisa la nchi lijifunze kujitegemea.

Upinzani ulikuwa mkali, na haukuwa wa wazungu peke yao. Byang Kato wa Nigeria, aliyeongoza umoja wa makanisa ya kiinjili Afrika, hakukubaliana nalo. Wapo waliouliza swali la haki kabisa: kama injili ni ya wote, nani anaweza kufunga mpaka? Wengine waliuliza swali la tumbo: daktari wa Chogoria akienda, nani atashona kidonda? Na wakosoaji hawakukosa kuona kwamba hata AACC iliyopitisha azimio ilitegemea sana bajeti kutoka nje. Hapo palikuwa na kicheko kichungu, maana hata mkutano wa kusema tusisaidiwe ulihitaji msaada.

Kwa hiyo moratoria ilishindwa? Ukihesabu wamisionari, ndiyo. Hawakuondoka. Mashirika mapya yaliingia, hasa kutoka Marekani, na miaka ya 1980, serikali zilipobanwa na masharti ya Benki ya Dunia na IMF kupunguza matumizi ya shule na hospitali, makanisa yaligeuka mfereji wa kupitishia pesa za wafadhili. Mmisionari wa zamani alikaa miaka 30 akajifunza Kikuyu na akazikwa hapa. Aliyekuja baada yake alikaa wiki mbili, akapaka rangi darasa ambalo fundi wa mtaani angelipaka kwa siku moja, kisha akarudi na picha.

Lakini kuna kitu kilibaki. PCEA walishika neno Jitegemea na kulifanya wimbo wao. Mtoto wa PCEA anaweza asijue habari za Milwaukee, lakini neno hilo analijua. Makanisa yalijengwa kwa bahasha na kadi za mchango. Mishahara ya wachungaji ikalipwa na waumini. Mambo haya ukiyaona kila Jumapili unayadharau, hadi ukumbuke kwamba babu zetu waliambiwa hayawezekani.

Na lugha ya mahusiano ilibadilika, angalau kwenye barua. Hakuna tena kanisa mama na kanisa binti. Siku hizi ni washirika. Mfano mzuri uko Tanzania, ambako Dayosisi ya Iringa ya Kanisa la Kilutheri imekuwa na ushirikiano na sinodi ya Saint Paul huko Minnesota tangu 1987. Jina lake ni Bega kwa Bega, na Wamarekani nao wanalitumia kwa Kiswahili hivyohivyo. Wajumbe huenda pande zote mbili, usharika wa huku na usharika wa huko. Ni jambo jema. Lakini mabega mawili hayawi sawa kwa sababu jina limesema hivyo. Mmarekani anayekuja Iringa hahitaji kuthibitisha kwamba atarudi kwao. Mwana-Iringa anayekwenda Saint Paul anaulizwa hilo dirishani, kwa dakika tatu, na mtu ambaye hajawahi kumwona.

Kisha ikaja 2025. Tarehe 20 Januari, siku aliyoapishwa, Rais Donald Trump alitia saini agizo la kusitisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90. Kufikia Julai mosi, USAID ilikuwa imefungwa kama shirika. Hapa Kenya hospitali na kliniki za makanisa zinabeba sehemu kubwa ya huduma za afya, na nyingi zilikuwa zinaendesha huduma za HIV kwa pesa hizo. Wahudumu walipigwa kalamu kwa barua pepe. Hapa Nairobi, dawa za HIV zilikwama kwenye ghala la MEDS, shirika la dawa lililoanzishwa na makanisa ya Katoliki na Kiprotestanti mwaka 1986. Dawa zilikuwa zimeshafika, ila pesa za kuzisambaza ndizo zilikuwa zimesimamishwa.

Angalia hiyo picha. Kusitisha pesa ndiko alikokuomba Gatu mwaka 1971, na hatimaye kumefika, miaka 54 baadaye. Lakini kumetoka upande mwingine, bila mazungumzo, bila kujiandaa, na waliolipia ni wagonjwa. Nimesikia vijana wenzangu wakisema kwenye mitandao kwamba Trump ametusaidia, sasa tutajifunza. Mimi naona hapana. Gatu hakusema tukatiwe. Alisema tukate sisi, kwa wakati wetu, tukiwa tumejua nani atashona kidonda Jumatatu asubuhi. Mtoto anayeachishwa ziwa na mama yake hukua. Anayeporwa ziwa hulia tu.

Ndiyo maana nadhani swali la 1971 halijazeeka. Tulipoteza muda mwingi tukibishana kama wamisionari waende au wabaki, na tukaliacha lile aliloliuliza hasa: ninyi mnaopokea, mmejiandaa kwa siku ya kukataa, au ya kukataliwa? Kanisa lililochimba kisima kwa sadaka ya Jumapili lina mwanzo wa jibu. Kisha linaambiwa likifute kwenye ripoti.

Sisemi kamati zisisafiri. Zisafiri. Waone theluji, wale chakula kisicho na chumvi, wakae kwenye nyumba za watu na kugundua kwamba huko nako kuna wazee wanaokufa wapweke na makanisa yanayouzwa kuwa baa. Labda wawe na neno la kuwapa. Ila kwenye kikao cha mwisho kabla ya uwanja wa ndege, mzee akimaliza kukumbusha kuhusu pasipoti, mtu ainue mkono aulize mambo matatu. Tiketi imelipwa na nani? Hotuba imeandikwa na nani? Na kuna lolote tunaloweza kuwakatalia tukiwa mezani kwao?

John Gatu alifariki mwaka 2017, akiwa mzee aliyeheshimiwa na hata wale aliowakera. Katika ukumbi wa Milwaukee alikuwa mgeni, mbali na kwao, akiwa amezungukwa na watu waliokuwa wema kwake. Alikuwa na kila sababu ya kusema asante na kuketi. Alisema alichotumwa na nafsi yake na watu wake, na hakuna aliyemwandikia.